Hazuiliki au Hazuiwi? Juggernaut, Nunda na Namna ya Kumtaja Mhalifu katika Kiswahili cha Burundi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mhusika Juggernaut wa hadithi za picha za Marvel, mhalifu ambaye tangu mwaka 1965 amejengwa juu ya dai moja kwamba hakuna kinachoweza kumzuia. Hoja kuu ni kwamba hadithi zake muhimu zinalikana dai hilo. Kila anapotokea, swali si kama anaweza kuzuiwa bali ni nani aliyewajibika kumzuia na kwa nini hakufanya hivyo. Makala yanamlinganisha na nunda wa ngano ya Sultani Majnuni, na yanaonyesha kwamba Kiswahili, kwa kutenganisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, kinayo nyenzo ya kulitaja jambo hili kwa uwazi kuliko jina la Kiingereza au la Kifaransa. Mfano wa Gitega na Muyinga unatumika kuonyesha kwa nini uteuzi wa jina la mhalifu wa kubuni si suala dogo kwa walimu, wafasiri na washauri wa sera ya lugha nchini Burundi.

Maneno muhimu: hadithi za picha, tafsiri, kauli za kitenzi, ngano, Burundi

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezipa hadithi za picha nafasi ndogo. Tunazo kazi zilizosomwa na vizazi: Juha Kalulu wa Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, wahusika wa jarida la Sani, na Kingo wa James Gayo. Wahusika hao ni wa kuchekesha. Wanapiga domo, wanadanganya, wanakopa bila kulipa, na mwisho wa ukurasa wanaumbuka. Yule anayejulikana katika vibanda vya video kwa jina la adui, yaani mpinzani wa steringi mwenye nguvu za kutisha, ametufikia zaidi kupitia filamu kutoka nje. Katika mabanda hayo sauti ya mfasiri, kwa mfano DJ Afro wa Kenya au Lufufu wa Tanzania, humpa adui jina, tabia na hata utani ambao haukuwamo katika filamu yenyewe.

Hivyo kijana wa Muyinga anaweza kumjua Juggernaut wa filamu ya X-Men: The Last Stand ya mwaka 2006, au yule wa Deadpool 2 ya mwaka 2018, kabla hajaona ukurasa mmoja wa hadithi ya picha. Anachokipata ni mwili mkubwa, helmeti na kuta zinazovunjika. Asichokipata ni historia ya mhusika huyo, na ni katika historia hiyo ndipo lilipo jambo linalotuhusu.

Makala haya yanauliza maswali mawili. Kwanza, hadithi kuu za Juggernaut zinasema nini juu ya nguvu isiyozuilika? Pili, akitajwa kwa Kiswahili nchini Burundi, aitweje? Swali la pili linaonekana la kiufundi. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni la kimaadili pia.

2.0 Jina lililotoka Puri

Neno juggernaut liliingia katika Kiingereza kutoka India. Asili yake ni Jagannath, jina la mungu anayeabudiwa katika mji wa Puri, jimbo la Odisha, ambako hekalu lake kuu ni la karne ya 12. Kwa Kisanskriti maana yake ni Bwana wa ulimwengu. Kila mwaka sanamu ya mungu huyo hutolewa hekaluni na kuvutwa kwa kamba na umati wa waumini katika gari kubwa la mbao.

Msafiri wa Kiitaliano Odoric wa Pordenone, aliyefika Asia katika karne ya 14, alisimulia kwamba waumini wa India walijitupa chini ya magurudumu ya gari la sanamu wapate kusagwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mhubiri wa Kiskoti Claudius Buchanan aliieneza tena picha hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1811. Kutoka hapo jina la mungu likageuka kuwa nomino ya kawaida ya Kiingereza yenye maana ya kitu kizito kinachosonga mbele na kuponda kila kilicho njiani.

Kwa hiyo jina lenyewe ni zao la usomaji wa kigeni. Sherehe ambayo wenyewe waliiona kuwa ni Bwana wa ulimwengu anayetoka kuwatembelea watu wake, mtazamaji wa nje aliiona kuwa ni mashine ya kuua. Ajali za kukanyagana katika umati zilichukuliwa kuwa ndiyo ibada. Stan Lee na Jack Kirby walipolichukua neno hilo mwaka 1965, safari ya kutoka jina la heshima hadi jina la tishio ilikuwa imekwisha kukamilika, na hawakuhitaji kuwaeleza wasomaji wao chochote.

Msomaji wa Burundi ana sababu ya kulitambua jambo hili. Katika Kirundi cha mazungumzo neno umuswahili halikumtaja tu mzungumzaji wa lugha au mkazi wa mtaa wa wafanyabiashara. Limetumika pia kwa maana ya mtu mjanja, mwongo, asiyeaminika. Jina la watu likawa jina la kasoro. Anayefundisha Kiswahili nchini Burundi anafundisha lugha ambayo jina la wasemaji wake limewahi kutumika kama tusi, na hawezi kuchukulia kwamba majina ni vibandiko visivyo na uzito.

3.0 Juggernaut katika hadithi zake kuu

3.1 Mwaka 1965: ndugu mlangoni

Juggernaut anatokea mara ya kwanza katika X-Men namba 12 ya Julai 1965. Muundo wa toleo hilo unastahili kuangaliwa kwa makini. Kitu kisichojulikana kinaikaribia nyumba ya Profesa Charles Xavier. Kizuizi kimoja baada ya kingine kinavunjwa. Wakati huohuo Xavier anawasimulia wanafunzi wake habari za utoto wake: kifo cha baba yake, ndoa ya pili ya mama yake na Kurt Marko, na kuja kwa Cain, mtoto wa Kurt, ambaye alimwonea wivu na kumtesa. Baadaye ndugu hao wawili wa kambo walikuwa jeshini pamoja nchini Korea, na Cain, akikimbia mapigano, aliingia katika hekalu lililofichika pangoni na kushika kito cha Cyttorak. Kito kilimpa nguvu. Pango likamporomokea, akafukiwa.

Mvamizi haonyeshwi waziwazi mpaka mwishoni mwa toleo. Msomaji anasikia kishindo na anaona kuta zikianguka, lakini picha nyingi anazopewa ni za familia. Kwa ufundi huu waandishi wanaziweka pamoja hatua za adui na kumbukumbu za nyumbani, kiasi kwamba kila ukuta unaoanguka unalingana na siri ya familia inayofichuliwa. Anapoonekana hatimaye, msomaji hamwoni mgeni. Anamwona mtoto aliyekulia nyumba hiyohiyo.

Katika toleo la 13, la Septemba 1965, Juggernaut anashindwa. Nguvu ya mwili haikufua dafu. Kilichofaulu ni kuivua helmeti yake, ambayo humkinga dhidi ya uwezo wa Xavier wa kuathiri mawazo. Helmeti ikishatoka, ndugu anaifikia akili ya ndugu. Asiyezuilika amezuilika katika hadithi yake ya kwanza kabisa, na aliyemzuia ni mtu wa nyumbani kwake.

3.2 Mwaka 1982: zege

Hadithi ya pili yenye uzito ni ya The Amazing Spider-Man namba 229 na 230, za mwaka 1982, iliyoandikwa na Roger Stern na kuchorwa na John Romita Mdogo. Juggernaut anakuja New York kumchukua Madame Web, mwanamke mzee, kipofu, ambaye uhai wake unategemea kiti maalumu chenye mitambo. Spider-Man, ambaye nguvu zake ni ndogo mno mbele ya mhalifu huyu, anajaribu mbinu baada ya mbinu. Zote zinashindwa. Mwishowe Juggernaut anazama katika zege bichi la msingi wa jengo.

Mtu anaweza kusema hapa hakuna ndugu, hivyo fasiri ya familia inaporomoka. Ni kweli kwamba Spider-Man hana undugu na Juggernaut. Lakini hadithi imehamisha swali lilelile kutoka nyumba hadi mji. Kinachomsukuma Spider-Man si matumaini ya ushindi. Mwanamke huyo aliomba msaada wake, naye anajua kwamba akiondoka hakuna mwingine. Hadithi inampima mtu anayesimama mbele ya tishio, na haimsamehe kwa kisingizio kwamba tishio ni kubwa.

3.3 Kuanzia 1984 hadi 2011: mteja, rafiki, nafasi iliyo wazi

Matoleo ya baadaye yanaweza kupitiwa kwa haraka zaidi. Katika Uncanny X-Men namba 183 ya mwaka 1984, Juggernaut ni mteja tu katika baa. Amevaa nguo za kawaida na anataka kunywa kwa amani, mpaka ugomvi na Colossus unapozuka. Kati ya mwaka 2002 na 2004, katika hadithi zilizoandikwa na Chuck Austen, anaishi na X-Men na kuwa rafiki wa mtoto aitwaye Sammy Paré. Mwaka 2011, katika mfululizo wa Fear Itself, anatwaliwa na nguvu nyingine, na mzigo wa kito cha Cyttorak unamhamia Colossus, mmoja wa mashujaa waliokuwa wakipambana naye.

Tukio hili la mwisho ni muhimu kwa hoja yetu. Kama Juggernaut ni cheo kinachoweza kushikwa na mtu mwingine, hata na mtu mwema, basi uharibifu haumo katika maumbile ya Cain Marko. Umo katika mapatano: mtu fulani amekubali nguvu fulani kwa masharti fulani. Mapatano yana wahusika, na wahusika wanaweza kuulizwa.

4.0 Paka wa Sultani

Fasihi simulizi ya Kiswahili ilikuwa na mhalifu wa aina hii mapema zaidi. Edward Steere alichapisha ngano ya Sultani Majnuni katika mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar mwaka 1870, na mwaka 1901 Andrew Lang aliisimulia upya kwa Kiingereza akiipa jina la nunda mla watu. Nunda hakuanza kuwa nunda. Alikuwa paka wa Sultani. Alipoanza kula mifugo ya watu, wenye mali walikwenda kulalamika. Jibu la Sultani lilikuwa kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akapanda ngazi: kutoka mnyama mdogo hadi mkubwa, kutoka mnyama hadi mtoto wa mtu. Jibu halikubadilika. Siku nunda alipowaua watoto wa Sultani mwenyewe, ndipo Sultani alipokubali kwamba huyo si paka tena.

Sehemu ya pili ya ngano ni ya mtoto wa mwisho, anayekwenda porini kumtafuta nunda. Anaua mnyama mmoja na kumleta nyumbani, mama anamwambia siye. Analeta mwingine, siye. Kila safari mnyama ni mkubwa zaidi, mpaka anapomfikia nunda mwenyewe na kumuua. Sehemu hii hupendwa na watoto kwa sababu ya marudio yake, lakini ina kazi ya kifikra pia. Kijana anajifunza kumtambua adui kwa jina lake halisi. Baba alishindwa kwa sababu alikataa kumtaja nunda. Mtoto anafaulu kwa sababu hakubali kumwita nunda mnyama asiye yeye.

Tukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, ufanano unajitokeza. Juggernaut na nunda wote wametoka ndani ya nyumba. Wote walianza wakiwa wadogo: mtoto mwenye wivu, paka mwenye njaa. Wote walikuwa na mwenye mamlaka juu yao ambaye hakuchukua hatua wakati ambapo hatua ilikuwa rahisi. Tofauti ipo pia. Ngano ya Zanzibar inamtaja mwenye kosa waziwazi, na ni Sultani. Hadithi ya 1965 inamsamehe baba wa Cain kwa kumpa kifo cha kishujaa kabla mambo hayajaharibika, na lawama yote inambaki kijana. Katika hili ngano yetu ina ujasiri zaidi.

Mwelekeo huu haumo katika Kiswahili peke yake. Masimulizi ya Fumo Liyongo, yaliyotungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, yanamhusu shujaa ambaye silaha hazimwingii, na anayeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni na mtoto wake mwenyewe. Mjini Kinshasa, mwaka 1990, msanii Papa Mfumu'eto alipata umaarufu kwa hadithi ya picha ya Kilingala kuhusu mwanamume anayegeuka chatu na kummeza mwanamke, na fedha kufuata. Sina haja ya kudai asili moja kwa kazi hizi. Inatosha kusema kwamba wasimulizi wa eneo letu, wanapomfikiria asiyeshindika, mara nyingi humtafuta sebuleni kabla ya kumtafuta mwituni.

5.0 Kauli mbili za kitenzi

Hapa lugha yenyewe inatusaidia. Kitenzi zuia kina kauli ya kutendwa, zuiwa, na kauli ya kutendeka, zuilika. Tukikanusha, tunapata hazuiwi na hazuiliki. Vitabu vya shule huziweka kauli hizi katika jedwali na kumwachia mwanafunzi kazi ya kunyambulisha: lima, limwa, limika. Tofauti ya maana huelezwa kwa sentensi moja, kisha somo linasonga mbele.

Tofauti hiyo ni kubwa. Hazuiliki ni hukumu juu ya maumbile ya mtu: uwezekano wa kumzuia haupo, na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Hazuiwi ni taarifa juu ya matendo ya wengine: tendo la kuzuia halifanyiki, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani anayepaswa kulifanya. Mshauri wa sera atalitambua hili katika nyaraka anazozisoma kila siku. Kusema sheria haitekelezeki si sawa na kusema haitekelezwi. Deni lisilolipika na deni lisilolipwa si deni moja, na barabara isiyotengenezeka haina bajeti wala mhandisi wa kulaumiwa, ilhali barabara isiyotengenezwa inavyo vyote viwili.

Kwa kipimo hiki, paka wa Sultani hazuiwi. Sultani angependa raia waamini kwamba hazuiliki, au kwamba hakuna cha kuzuia. Juggernaut naye hutangazwa na wachapishaji kuwa hazuiliki, lakini hadithi zinaonyesha mara kwa mara kwamba hakuzuiwa kwa wakati. Jina la Kiingereza haliwezi kubeba tofauti hii. Kiswahili kinaweza, kwa viambishi tu.

Kirundi kina njia yake. Msemaji anaweza kusema nta wumuhagarika, hakuna anayemzuia. Sentensi hiyo inamtaja mtu ambaye hayupo, na kwa kumtaja inaacha nafasi yake wazi. Mwanafunzi wa Gitega anayekuja kwenye Kiswahili na sentensi hiyo kichwani ana mahali pazuri pa kuanzia, iwapo mwalimu atamwonyesha kwamba Kiswahili kinampa hakuna wa kumzuia, kinampa hazuiwi na kinampa hazuiliki, na kwamba hizi si njia tatu za kusema jambo moja.

6.0 Le Fléau na Ikiza

Wasomaji wa Kifaransa walimjua Juggernaut kwa muda mrefu kwa jina la le Fléau. Kwa mfasiri wa Paris uteuzi huo una mantiki. Fléau ni pigo kubwa linaloikumba jamii, kama tauni, njaa au nzige, na neno ni fupi na lina kishindo. Kwa mfasiri wa Burundi, ambako Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi, jina hilo linaelekea kumpeleka moja kwa moja kwenye neno la Kirundi ikiza.

Hapo ndipo mkono unapaswa kusita. Ikiza ni neno la Kirundi la pigo au janga. Ni neno pia ambalo Warundi wengi wamelitumia kutaja mauaji ya mwaka 1972, yaliyoanza mwishoni mwa Aprili mwaka huo. Gitega una nafasi katika kumbukumbu hiyo. Mfalme wa zamani Ntare wa Tano aliuawa katika mji huo tarehe 29 Aprili 1972. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu katika mkoa wa Karuzi, na mazungumzo juu ya maneno yanayofaa kutumika kwa mambo hayo hayajakoma.

Sisemi kwamba jamii ilikosea kutumia neno hilo. Watu waliofiwa, ambao kwa miaka mingi hawakuweza kuzungumza hadharani, walihitaji neno ambalo lingesemeka bila kumtaja mtu. Ikiza liliwahifadhi. Lakini sarufi ya neno hilo ni sarufi ya hazuiliki. Janga huja na kupita kama mvua ya mawe, na halina mtu wa kuulizwa.

Kumpa mhusika wa kubuni jina hilo kungekuwa na madhara mawili. Kungeifanya kumbukumbu ya wafu kuwa mchezo. Pia, jambo ambalo ni gumu kuliona, kungemfundisha msomaji mdogo kwamba mwenye kuvunja nyumba ni jamaa ya mvua ya mawe, wakati hadithi yenyewe inajitahidi kumwambia kwamba mvunjaji ana jina, ana ndugu, na alianza siku fulani mahali fulani.

7.0 Gitega na Muyinga

Miji hii miwili inaliweka swali la jina katika mazingira tofauti. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, uko katikati ya nchi. Wajerumani waliujenga mwaka 1912 kuwa makao ya utawala, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zao za kazi. Utawala wa Ubelgiji ulipendelea Kirundi na Kifaransa. Leo mwanafunzi wa Gitega anakutana na Kiswahili zaidi darasani, kikiwa somo lenye mtihani. Muyinga uko kaskazini-mashariki, kwenye njia iendayo Kobero na mpaka wa Tanzania. Huko Kiswahili ni lugha ya mizigo, ya soko, ya madereva, na pia ya jumuiya ya Waislamu ambayo ina mizizi mirefu mkoani.

Jina la kigeni likifika Gitega, linafika kama msamiati wa kujifunza. Mwanafunzi ataliandika daftarini na kuuliza ngeli yake. Likifika Muyinga, linafika katikati ya watu ambao tayari wana maneno: adui, jambazi, zimwi, dubwana, nunda. Maana ya asili ya Jagannath, Bwana wa ulimwengu, nayo haitasikika kwa namna ileile. Kwa Mwislamu wa Muyinga maneno hayo yanamhusu Mwenyezi Mungu, na kulipa jina la aina hiyo jambazi wa katuni bila maelezo ni kumkwaza bure. Hivyo mfasiri hawezi kufuata asili ya neno wala maana yake ya kisasa bila kujua anamfasiria nani.

Zipo njia nne za kuzingatia. Ya kwanza ni kuliacha jina Juggernaut lilivyo. Ya pili ni kutumia zimwi, ambalo Mrundi atalilinganisha mara moja na igisizimwe la ngano zake, ingawa kufanana kwa sauti hakutoshi kuthibitisha asili moja. Ya tatu ni kuunda jina la sifa, Asiyezuilika. Ya nne ni nunda.

Zimwi linafaa kwa kiumbe kisicho binadamu, na Cain Marko ni binadamu. Asiyezuilika linarudia kosa la matangazo ya wachapishaji. Kwa maoni yangu njia bora ni kuliacha jina la Kiingereza liwe jina la pekee, kwa kuwa ndilo litakalomwezesha msomaji kumtambua mhusika popote, na kulifafanua mara ya kwanza kwa neno nunda. Kamusi za Kiswahili zinalijua nunda kuwa ni mnyama mkali wa jamii ya paka, na pia mtu katili au sugu wa maovu. Maana zote mbili zinatufaa. Zaidi ya hayo, neno hilo linakuja na kesi nzima ya Sultani nyuma yake. Msomaji anayeijua ngano hatauliza tu nunda ana nguvu kiasi gani. Atauliza ni paka wa nani.

8.0 Pingamizi

Kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza inasema hadithi hizi ni burudani, na kwamba mtoto anayefurahia ukuta ukivunjwa hahitaji somo la uwajibikaji. Nakubali kwamba furaha hiyo ni halali. Lakini hoja yangu haitaki kuiongezea hadithi funzo. Inataka tafsiri isiyaondoe yale ambayo hadithi tayari inayo. Mtoto aliyeisoma X-Men namba 12 anajua kwamba mvamizi ni ndugu. Jina baya la tafsiri linaweza kumfanya asahau.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Yapo mambo ambayo kwa kweli hayazuiliki: tetemeko la ardhi, kifo, uzee. Lugha inayokataa kauli ya kutendeka itakuwa lugha ya kulaumu, inayotafuta mchawi kwa kila msiba. Katika jamii iliyowahi kuona lawama za makundi zikigeuka kuwa mauaji, tahadhari hii si ya kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba kauli zote mbili zinahitajika, na uhodari wa msemaji umo katika kuchagua. Anayesema hazuiwi analazimika kueleza ni nani hasa hakuzuia, kwa jina na kwa tendo. Huko ni kinyume cha kulaumu kundi zima. Sultani ni mmoja, na ngano haikuwalaumu watu wa mji.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Juggernaut amedumu kwa zaidi ya miaka 50 kwa sababu dai lake la kutozuilika linapingwa na kila hadithi nzuri iliyoandikwa juu yake. Helmeti inavuliwa, zege linammeza, mtoto anampenda, kito kinahamia kwa mwingine. Nunda wa Zanzibar alitueleza jambo hilo mapema na kwa uwazi zaidi, kwa kumweka mwenye paka mbele ya macho yetu.

Kutokana na uhakiki huu napendekeza mambo matatu. Kwanza, waandaaji wa vitabu vya Kiswahili nchini Burundi wazifundishe kauli za kutendwa na kutendeka kupitia masimulizi, na si kupitia majedwali peke yake. Ngano ya Sultani Majnuni ikiwekwa kando ya kurasa chache za hadithi ya picha inatosha kwa vipindi kadhaa, na mwanafunzi aulizwe kwa kila tukio: hazuiliki, au hazuiwi? Pili, miongozo ya tafsiri inayoandaliwa katika ngazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki itambue kwamba neno moja la Kiswahili halipokewi kwa namna moja Zanzibar, Muyinga na Gitega, na kwamba wafasiri wa Burundi wanahitaji orodha ya maneno ya Kirundi yaliyobeba kumbukumbu za misiba ya taifa, ili yasitumike ovyo. Tatu, watafiti waanze kuzisoma tafsiri za sauti za vibanda vya video kama matini zenye hadhi ya kuhakikiwa, maana huko ndiko maelfu ya vijana wanakojifunza kumtaja adui kwa Kiswahili.

Pendekezo la kwanza linaweza kuanza bila bajeti mpya. Mwalimu anahitaji ngano moja, picha chache, na ubao.